Saddam alitolewa shimoni, Idi Amin akafia kitandani Jeddah. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulizipokeaje habari hizo?

#1 Kirumba Mwaloni
Habarini wadau.

Mwaka 2003 nilikuwa kibarua wa kupakia dagaa mwaloni Kirumba. Jumapili ile ya tarehe 14 Desemba tulijazana kwenye banda la mama ntilie, mbele ya runinga ndogo yenye chenga, tukimwangalia Saddam Hussein, aliyekuwa rais wa Iraki. Ndevu zimemjaa, daktari wa jeshi la Marekani amevaa glavu anampekua nywele na kumfungua kinywa. Usiku wa kuamkia siku hiyo walikuwa wamemtoa kwenye shimo karibu na kijiji cha ad-Dawr, jirani na Tikrit kwao, akiwa na dola 750,000 ndani ya sanduku.

Bandani tuligawanyika palepale. Kuna waliopiga makofi, kuna walionuna, na jamaa mmoja tuliyezoea kubeba naye mizigo alitokwa machozi. Ila ninayemkumbuka kuliko wote ni mzee mmoja, mvuvi kutoka Bukoba, ambaye hakushangilia wala kusikitika. Alisema: "Wa kwetu kafa Agosti, hajaulizwa hata swali moja." Akanyanyuka, wali kauacha mezani.

Neno lile sijalisahau. Idi Amin alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, haijafika hata miezi minne kabla Saddam hajakamatwa. Tangu apinduliwe Aprili 1979 alikuwa amekaa uhamishoni miaka 24, anakula, analala, anakwenda sokoni. Nauliza mambo mawili. Kwa nini Amin hakukamatwa akapandishwa kizimbani? Na alichofanyiwa Saddam, ile ilikuwa haki au ilikuwa nguvu ya mwenye bunduki? Ningependa hasa wenye kumbukumbu za Mwanza, Bukoba, Musoma. Nawasilisha.

#2 Nyegezi Kona
Mkuu, jibu ni fupi. Saudi Arabia walimpokea, wakampa nyumba na fedha za kuishi, sharti likawa akae mbali na siasa. Nani angekwenda Jeddah kumtoa mikononi mwa mwenyeji wake? Saddam alikamatwa kwa sababu Wamarekani walikuwa tayari wako ndani ya nchi yake na askari zaidi ya laki moja, na walishatangaza dola milioni 25 kwa atakayeonyesha alipo. Amin hakuna aliyemtangazia hata shilingi. Ukishapata mwenyeji tajiri, umepona.

#3 Bwiru Juu
Nilikuwa nasubiri uzi kama huu. Marehemu baba alikuwa akitusimulia ndege ya Amin ilivyodondosha mabomu Mwanza mwaka 1979. Walikuwa wanaishi Capri Point, vioo vya madirisha vikapasuka, na ng'ambo pale kisiwani Saanane swala wengi wakafa. Kwa hiyo tusiseme Vita ya Kagera ilikuwa ya Wahaya peke yao. Na sisi tulipigwa.

#4 Mwalimu Mstaafu
Marahaba kwa wote.

Bwiru Juu mwanangu, baba yako amesimulia kweli, ila niirekebishe kidogo. Ndege ya 1979 haikuwa ya Amin, ilikuwa ya Libya, aina ya Tupolev, iliyotumwa na Gaddafi kumsaidia. Ilikusudia matangi ya mafuta yaliyopo mjini. Ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwani kwenye hifadhi. Ndege za Amin mwenyewe zilitupiga kabla ya hapo, Septemba 1972, Bukoba na hapa Mwanza, baada ya wakimbizi wa Uganda waliokuwa kwetu kujaribu kumpindua wakashindwa. Vijana wengi huchanganya mabomu ya miaka hiyo miwili.

Sasa swali la Kirumba Mwaloni. Nilikuwa nafundisha darasa la sita mwaka 1978. Tarehe 2 Novemba redio ilitutoa madarasani, tukakaa chini ya mwembe kumsikiliza Mwalimu Nyerere: uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo. Sikilizeni vizuri maneno yale. Ni kumpiga. Hakuna mtu aliyezungumza habari ya kumshtaki, kwa sababu wakati ule wazo la rais kusimama mbele ya jaji kwa kuua raia wake halikuwepo kabisa vichwani mwetu Afrika. Rais alipinduliwa, akauawa, au akakimbia. Basi. Mnaidai miaka ya sabini kitu ambacho haikuwa nacho.

#5 Ng'wana Misungwi
Mwangaluka wote.

Mimi ni mfugaji, nitasema la mfugaji. Ile picha ya Saddam kufunguliwa kinywa iliniumiza, na mimi sikuwa mtu wake. Mnadani tunamfungua ng'ombe kinywa hivyohivyo, tunahesabu meno tujue umri kabla ya kutaja bei. Ng'ombe hana la kusema. Hata kule Vatican kadinali mmoja, Renato Martino, alisema siku zile kwamba ameona huruma kumwona mtu yule anakaguliwa meno kama mnyama. Watu wakamjia juu, wakimuuliza je, wale aliowaua? Mimi naona alisema sawa. Mtu ukitaka kumhukumu, kwanza mwache abaki mtu. Ng'ombe hahukumiwi, huchinjwa.

#6 Mdogo wa Saddam
Jina langu hapa jukwaani si la kubuni. Kaka yangu alizaliwa Januari 1991, wakati Saddam anarusha makombora ya Skadi, na baba akampa jina hilo. Mtaani kwetu Mabatini walikuwepo akina Saddam watatu wa rika lake. Msidhani wazazi wetu walipenda mauaji. Hawakuwa na habari za Wakurdi wala za gereza lolote. Walichokuwa wanaona ni mtu mmoja anayeyabishia mataifa makubwa, basi.

Siku ile ya shimo kaka alikuwa na miaka 12. Alirudi kutoka dukani analia kwa sababu wenzake walimzunguka wanaimba "Saddam shimoni". Mama akamwambia kuanzia leo wewe ni Sadiki. Hadi leo vyeti vinasema Saddam, nyumbani tunamwita Sadiki.

#7 Kirumba Mwaloni
Mdogo wa Saddam, kumbe ni wewe! Sadiki nilibeba naye magunia mwaloni msimu mzima, hakuniambia hata siku moja. Msalimie sana, mwambie deni la chai bado nalikumbuka.

Ng'wana Misungwi hapo #5 umenigusa. Yule aliyelia bandani alisema maneno ya karibu na hayo.

#8 Wakili Mchanga
Nimesoma yote. Nyegezi Kona umefunga uzi mapema mno. Mwenyeji tajiri peke yake hatoshi kuwa sababu. Augusto Pinochet wa Chile alikuwa na marafiki wakubwa Uingereza na bado alikamatwa London Oktoba 1998, kwa ombi la jaji wa Hispania. Aliachiwa Machi 2000 kwa sababu ya afya, lakini majaji wakuu wa Uingereza walishasema kwamba kuwahi kuwa mkuu wa nchi si kinga kwa kosa la utesaji. Baada ya hapo hakuna dikteta mstaafu aliyepanda ndege bila kufikiri mara mbili.

Tatizo la Amin lilikuwa mahakama. Ile ya kimataifa ya jinai ya The Hague, ICC, ilianza kazi tarehe 1 Julai 2002 na hairudi nyuma kushughulikia makosa ya kabla ya hapo. Ilibaki Uganda yenyewe imtake, au nchi nyingine iwe na ujasiri wa yule jaji wa Hispania. Na nafasi ilikuwepo. Mwaka 1989 Amin alitoka Saudi Arabia akafika Kinshasa kwa pasipoti ya bandia, pengine akitafuta njia ya kurudi kwao. Mobutu, rais wa Zaire wakati ule, alimzuia. Badala ya kumpeleka kwa wanaomdai, wakamrudisha alikotoka. Siku zile alikuwa mkononi, akaachiwa.

Kuhusu Saddam, kesi yake ilianza tarehe 19 Oktoba 2005. Watu wanadhani alihukumiwa kwa yote aliyofanya. Hapana. Alihukumiwa kwa Dujail, mji ambao mwaka 1982 msafara wake ulishambuliwa, na wanaume na vijana 148 wakauawa kulipiza. Jaji wa kwanza, Rizgar Amin, alijiuzulu kwa shinikizo la wakubwa waliomwona mpole. Mawakili watatu wa utetezi waliuawa kesi ikiendelea. Mimi kama mtu wa sheria siwezi kuiita kesi safi. Lakini siwezi pia kusema haikuwa na kitu, kwa sababu watu wa Dujail walisimama wakasimulia, na yeye amekaa pale anawasikia.

#9 Nyegezi Kona
Wakili, umeniongezea hoja badala ya kuniangusha. Pinochet aliachiwa. Mobutu alimlinda mwenzake. Kila mahali ni marafiki kwa marafiki. Saddam naye aliwahi kuwa rafiki wa haohao waliomtoa shimoni, wakati anapigana na Iran. Urafiki ulipokwisha ndipo makosa yake yakaonekana. Nionyeshe mmoja tu aliyeshtakiwa wakati bado ana rafiki mkubwa.

#10 Shombo
Naomba niwarudishe ziwani.

Mwaka 1994, kati ya Mei na Juni, mama yangu alikuwa anauza samaki wa kukaanga Igogo. Mto Kagera ukaanza kuleta maiti kutoka Rwanda zikaingia ziwani. Nyingi zilitokea upande wa Uganda, Kasensero na kwingineko, wenzetu wakazizika kwa maelfu. Huku kwetu habari zilifika haraka kuliko chochote. Wateja wakaacha kununua. Mama alikaanga sato siku tatu mfululizo bila kuuza hata mmoja, siku ya nne akageuza sinia likawa la mihogo. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikamuuliza kwani samaki wana kosa gani. Hakunijibu.

Nasema hivi kwa sababu waliopanga yale walikamatwa. Jean Kambanda aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ile ya mauaji alikamatwa Nairobi 1997, akaletwa Arusha hapahapa Tanzania, akakiri kosa, akafungwa maisha mwaka 1998. Mama alisikia kwenye redio akasema "afadhali". Hakuwa amepoteza ndugu Rwanda, alipoteza sinia la samaki tu, na bado alisema afadhali. Basi Mwalimu hapo #4 anaposema wazo halikuwepo, ni kweli kwa 1979. Lakini kuanzia 1998 tulilijua, tena lilikuwa nchini kwetu, safari ya basi tu kutoka hapa. Amin aliishi miaka mitano zaidi baada ya Kambanda kuhukumiwa. Nani aliuliza?

#11 Mama Dagaa
Shombo mwanangu umenikumbusha. Mwaka ule sisi wa dagaa ndio tulioumia zaidi, watu walisema dagaa wamekula kila kitu. Nilihamia kuuza maharage Buzuruga hadi mwisho wa mwaka. Tena si walaji tu, hata wavuvi wenyewe walikuwa hawali. Mume wangu alikuwa anavua anauza kwa kiwanda, nyumbani anadai mboga za majani.

#12 Bwiru Juu
Mama Dagaa shikamoo. Na sasa hivi debe la dagaa limefika bei gani mwaloni? Kuna shughuli huku Jumamosi.

#13 Mama Dagaa
Marahaba. Njoo alfajiri, wale wa kuanika juu ya chanja si wale wa mchangani. Ukiona bei ya chini jua utatafuna mchanga. Haya turudi kwenye mada, Mwalimu asije akatuchapa.

#14 Mwalimu Mstaafu
Siwachapi, mimi mwenyewe nimejifunza la sinia.

Shombo umeniuliza swali zito nami nitajibu ninachokiamini. Mambo mawili yalimwokoa Amin. La kwanza lilitokea Kampala. Majeshi yetu yalipoukaribia mji, barabara ya mashariki kuelekea Jinja iliachwa wazi kwa makusudi, ili askari wa Libya watoke bila kumwaga damu zaidi. Mwalimu Nyerere hakutaka kugombana na ulimwengu wa Waarabu kwa sababu ya maiti za Walibya. Ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini mlango ulioachiwa wageni ndio aliopitia mwenye nyumba. Amin alikwenda Jinja, kisha kaskazini, kisha akapaa kwenda Libya.

La pili ni Uganda baada yake. Yusuf Lule alikaa siku 68. Akaja Binaisa, akaondolewa. Obote akarudi Desemba 1980, na mauaji ya raia yaliyotokea Luwero mnayajua. Okello 1985, Museveni Januari 1986. Serikali gani kati ya hizo ingefungua faili la mauaji ya Amin bila watu kuuliza faili lao wenyewe liko wapi? Kesi ya mtu mmoja huvuta nyingine.

Nasi tulikuwa hoi. Mwalimu alituomba tufunge mikanda miezi 18. Mikanda haikufunguka. Sabuni tulikata vipande, sukari kwa foleni, na mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) Monrovia Julai 1979 badala ya pole tukapewa lawama kwamba tumeingilia nchi ya jirani. Ungeamka pale useme unataka na mahakama?

#15 Nyegezi Kona
Mwalimu, kwa heshima zote, "mlango wa wageni" naupinga. Waliweza kumfuata Arua. Majeshi yetu yalifika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979. Tatizo si barabara ya Jinja. Alishaondoka kwa ndege, na aliyempokea ana mafuta. Narudi palepale.

#16 Ng'wana Misungwi
Nyegezi Kona hata akiulizwa kwa nini mvua haijanyesha atasema mafuta ya Waarabu. Mkuu, tunakupenda hivyohivyo.

#17 Ma Bunazi
Nimesoma kimya siku mbili. Asanteni, hasa Shombo.

Mimi nimezaliwa Bunazi, ng'ambo ya mto kwa mtu anayetoka Bukoba, yaani upande ule ambao Amin aliutangaza kuwa ni wake tarehe 1 Novemba 1978. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulitoka nyumbani usiku, mama amembeba mdogo wangu mgongoni, mimi nimebeba sufuria lenye ndizi zilizokwishamenywa kwa sababu tulikuwa tunajiandaa kupika. Tulivuka daraja la Kyaka kwa miguu katikati ya watu na mbuzi. Siku chache baadaye wakalilipua. Baba alibaki na ng'ombe, kasema atatufuata. Alikuja baada ya wiki mbili kwa mtumbwi, peke yake, hana hata fimbo.

Tukapanda meli Bukoba tukaja Mwanza kwa shangazi, Kirumba. Ndiyo maana nipo humu.

Tuliporudi mwaka uliofuata nyumba ilikuwa kuta tu. Mabati yameng'olewa, milango imeng'olewa, kahawa imebebwa, mpaka mawe ya kusagia walichukua. Mama hakulia. Alikwenda akaomba daftari kwa mwalimu wa shule, akakaa kwenye kizingiti kisicho na mlango akaanza kuandika. Ng'ombe wa pembe ndefu 14. Cherehani moja. Baiskeli. Magunia ya kahawa. Mabati. Majirani wakamuuliza unaandika nini. Akawaambia, "Siku wakimkamata wataniuliza, na mimi sitaki kubabaika."

Wadau, mnabishana kama kesi ya Saddam ilikuwa safi au chafu. Mimi siyajui ya sheria. Ninachojua ni kwamba Agosti 2003 nilimpigia mama kwenye simu ya jirani kumwambia Amin amefariki. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo hawatakuja kuuliza?"

Desemba nikaona ya Saddam, nikaona wivu. Nililiona hilo moyoni mwangu likanitisha, wivu kwa watu wa Iraki ambao nchi yao ilikuwa inaungua. Lakini ndivyo nilivyojisikia. Nilijiambia hao angalau wataulizwa.

#18 Bwiru Juu
Ma Bunazi, pole sana waitu. Sina la kuongeza.

#19 Mama Dagaa
Mungu amtunze mama. Nimesoma nikaacha kuchekecha unga.

#20 Wakili Mchanga
Ma Bunazi, asante. Naomba nikujibu kwa unyenyekevu, kwa sababu hilo la wivu linahitaji jibu la kweli. Hata Iraki si wote walioulizwa. Kesi ya pili ya Saddam, ya kampeni ya Anfal dhidi ya Wakurdi, ilikuwa imeanza Agosti 2006. Kabla haijaisha wakamnyonga kwa ile ya Dujail, tarehe 30 Desemba 2006. Halabja, mji wa Wakurdi ambako mwaka 1988 watu wapatao 5,000 waliuawa kwa gesi ya sumu, hakuwahi kuijibu kabisa. Binamu yake Ali Hassan al-Majid ndiye aliyekuja kuhukumiwa kwa Halabja, mwaka 2010. Kuna Wakurdi waliomchukia Saddam kuliko mtu yeyote, na wao ndio waliolalamika kwamba kamba imewahi mno. Walikuwa na madaftari yao.

Lakini upo mfano mwingine unaonipa moyo, na unamjibu Nyegezi Kona pia. Hissène Habré wa Chad alipinduliwa 1990 akakimbilia Senegal, akaishi Dakar kwa raha, na marafiki anao, Marekani na Ufaransa waliwahi kumsaidia. Waathirika wakaungana. Mmoja wao, Souleymane Guengueng, mhasibu aliyefungwa gerezani N'Djamena, aliapa akitoka hai atatafuta haki. Akakusanya maelezo ya wenzake, akayaficha. Mwaka 2000 wakafungua mashtaka Dakar. Yakakwama, yakasukumwa, yakakwama tena. Julai 2015 kesi ikaanza mbele ya mahakama maalumu iliyoundwa na Senegal na Umoja wa Afrika, na tarehe 30 Mei 2016 Habré akahukumiwa kifungo cha maisha. Zaidi ya miaka 25 baada ya kupinduliwa. Si jeshi la kigeni lililofanya hivyo. Walifanya watu waliokuwa wameandika, kama mama yako.

#21 Nyegezi Kona
Ma Bunazi, pole, na nisamehe kama maneno yangu ya juu yalikuwa mepesi.

Wakili, Habré nakubali. Huo ni mfano mzuri na nimeshindwa kuukwepa. Ila malizia hadithi: mahakama iliamuru fidia ya faranga bilioni 82 hivi, na Habré alifariki 2021 waathirika wakiwa bado hawajapata walichoamriwa. Kwa hiyo waliulizwa, hawakulipwa.

#22 Ma Bunazi
Nyegezi Kona kaka yangu, hujakosea kitu. Mama hakuwahi kutaja kulipwa.

#23 Mdogo wa Saddam
Kuhusu kunyongwa. Mimi ni Mwislamu na lile jambo liliniuma, nimeona Wakili amelipita. Walimnyonga alfajiri ya Idi ya kuchinja. Video ya simu ilizunguka hata hapa Mwanza, vijana pale Makoroboi wanarushiana kwa bluetuthi. Mnasikia waliokuwepo pale chumbani wanamzomea, wanataja jina la Muqtada, yule kiongozi wa Washia, yeye anatamka shahada, hawakumwacha hata amalize mara ya pili. Kuanzia siku ile mtaani kwetu waliokuwa wanamlaani walianza kumwombea. Waliomuua walimfanya shahidi kwa mikono yao wenyewe.

#24 Shombo
Nyongeza ndogo hapo: mwaka ule Iraki Wasuni walisali Idi siku hiyo ya Jumamosi, Washia Jumapili. Kwa hiyo serikali iliyokuwa ya Washia wengi ilisema kwa hesabu yake Idi bado. Hilo ndilo lililowachoma zaidi Wasuni, kuambiwa Idi yao si Idi.

#25 Mwalimu Mstaafu
Nimemsoma Ma Bunazi mara tatu. Hapo #4 nilisema wazo la kumshtaki rais halikuwepo vichwani mwetu mwaka 1979. Naliondoa. Lilikuwepo kwenye kizingiti Bunazi, na sisi wenye redio na chaki hatukulisikia. Yaliyobaki nayasimamia: barabara ya Jinja, na mafaili ya waliofuata.

#26 Ng'wana Misungwi
Mwalimu, nami nauliza kwa nia njema. Ingekuwaje angekamatwa kweli? Museveni alisema mwaka uleule wa 2003, familia ilipoomba mgonjwa arudishwe, kwamba akiingia nchini atajibu makosa yake. Nafikiri ndiyo maana hawakumleta, wakamzika Jeddah. Sasa tuseme wangemleta akiwa hajitambui, kwenye machela, kama Misri walivyomweka rais wao wa zamani, Mubarak, kitandani ndani ya kizimba. Tungepata nini? Mimi ningerudi kwenye yale meno ya ng'ombe.

#27 Wakili Mchanga
Mgonjwa asiyejitambua hashtakiwi, sheria iko wazi. Lakini kumbuka alikuwa mzima miaka 24.

#28 Nyegezi Kona
Alikuwa mzima, akiwa Jeddah. Na Jeddah ni wapi? Haya nanyamaza.

#29 Kirumba Mwaloni
Wadau nashukuru, sikutegemea uzi utafika huku. Yule mzee wa bandani sijui kama bado yu hai, ningemsomea.

Ma Bunazi, samahani kwa swali. Lile daftari bado lipo? Na mama je? Kama hutojali, kuna kijana wangu anasafiri kwenda Mutukula na lori kila wiki, anaweza kupita kulipiga picha kurasa zote, lisije likaliwa na mchwa.

#30 Shombo
Naunga mkono. Hata mimi nitachangia nauli.

#31 Ma Bunazi
Asanteni sana wana wa ziwa. Lipo, na mama yupo, macho ndiyo yamepungua nguvu. Analiweka ndani ya pipa la mahindi, limefungwa kwenye nailoni. Kijana akipita amwambie ametumwa na Koku wa Mwanza, atampa na ndizi za kuondoka nazo.

Nilikwenda mwezi wa nane. Akaniambia nilitoe, nifungue ukurasa wa kwanza, nichukue kalamu. Kwenye mabati alikuwa ameandika 26. Akasema niandike 24. Kumbe fundi aliyekuja kubomoa banda la zamani la jirani alikuta mabati mawili yenye alama ya msumari ya baba, yalikuwa yamefukiwa na udongo miaka yote hiyo. Hayakuibwa. Nikamwambia mama, mabati mawili, nani atajua? Akasema niandike 24, kwa sababu mbele ya jaji ataapa.